Spika za zamani za hali ya juu hapa Malindi: namna ya kuzinunua na kuzifufua

Malindi ina spika nzuri kuliko watu wanavyodhani. Waitaliano walianza kuuzoea mji huu tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, kisha zikafuata hoteli, madisko na majumba ya ufukweni. Wengi walikuja na vyombo vyao vya muziki. Leo majumba yanauzwa, warithi hawataki mizigo, na jozi ya spika iliyoundwa kwa mikono ya mafundi hodari wa Ulaya au Marekani inasukumwa stoo pamoja na viti vya plastiki.

Spika hizo zinastahili kuokolewa. Ziliundwa kufunguliwa: zina skrubu, vipuri vyake vinatolewa kimoja kimoja, na sumaku zake ni nzito. Ukiirekebisha vizuri jozi ya mwaka 1975, itaimba kwa utulivu ambao spika mpya ya bei ileile hapa mjini haiufikii. Ila uijue pwani. Kinachoua spika huku kwetu ni hewa ya bahari, yaani chumvi na unyevu, na umri huja nyuma yake. Kwa hiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya kanuni moja: nunua sumaku na koili zilizo hai, koili ikiwa ule waya uliozungushwa unaotetemesha koni, yaani uso wa spika. Sponji, kapasita (vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme), gundi, mbao na vitambaa vyote hutengenezeka.

Pa kuzitafuta, na nani wa kumuuliza

Wanaojua mapema ni watunza nyumba, askari wa getini na mafundi wa redio. Wape namba yako, waambie unatafuta nini, na uwe mkweli kwamba hata zilizoharibika unazitaka. Mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

“Ami, zile spika kubwa za ukumbini bado zipo?”

“Zipo, lakini zimekufa. Hazilii tangu mwaka jana.”

Neno “zimekufa” lisikufukuze. Spika isiyolia inaweza kuwa na terminali (viungio vya waya) zilizooza tu, au waya uliokatwa na panya. Hizo ndizo jozi za kuziendea haraka.

Jambo moja halina mjadala. Mtunza nyumba hana haki ya kukuuzia mali ya mwenye nyumba. Mpigie mwenyewe, akiwa Milano au Nairobi, umsikie akikubali, kisha upate maandishi au ujumbe wa simu wenye maelezo ya kitu na bei. Ukilipa kwa M-Pesa, pesa ziende kwa mwenyewe au kwa mtu aliyemtaja kwa jina. Atakayekusaidia kuzipata mpe asante yake kando, waziwazi.

Zipi zinafaa huku pwani

Majina makubwa ni mengi, na kila moja lina udhaifu wake, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo ningeyafuata na yale ambayo ningeyaogopa.

Ndogo zenye heshima kubwa ni LS3/5A, zilizobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yao ya matangazo. Ziliundwa kwa leseni na kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth. Sanduku lake lina urefu wa sentimita 30 tu, wufa, yaani spika ya ndani ya sauti nzito, ni B110 ya kampuni ya KEF yenye koni ya plastiki, na twita, ile ya sauti nyembamba, ni KEF T27. Ukingo wa koni hauna sponji, na sanduku ni la plaiwudi nyembamba badala ya chipubodi, jambo linaloipa nafasi nzuri katika unyevu wetu. Haitakupa besi ya kutikisa ukuta. Itakupa sauti ya mtu kama alivyo. Kwa chumba cha kawaida cha Maweni au Barani, sijui nyingine ninayoipenda zaidi.

Tannoy za Dual Concentric, ambazo twita yake imefichwa katikati ya wufa, zilianza mwaka 1947. Ukikutana na toleo la Monitor Gold, mshukuru Mungu. Ukikutana na toleo la HPD la miaka ya 1970, kumbuka kwamba ukingo wake ni wa jamii ya sponji na huoza, ila hubadilishika.

JBL L100 ya mwaka 1970 ina ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa, hivyo wufa yake hustahimili. Kinachomomonyoka ni ile sura yake ya sponji ya mbele yenye miraba iliyoinuka, ambayo haina uzito katika sauti. Bei isishuke wala kupanda sana kwa sababu yake.

Acoustic Research AR-3a, iliyotoka mwaka 1967, ni mtoto wa fikra ya Edgar Villchur: sanduku lililozibwa kabisa, ambamo hewa iliyofungiwa ndiyo springi ya koni. Besi yake bado inashangaza. Lakini vitasa vyake vya kurekebisha sauti nyembamba huota kutu hata huko kwao Marekani, seuze hapa. Tutavishughulikia mbele.

Wapenzi wa kazi ya mbao wataziulizia Sonus faber, kampuni ya Franco Serblin wa Vicenza iliyoanza miaka ya 1980. Hizo ni mbao halisi na ngozi. Katika mji wenye Waitaliano wengi kama huu, si ajabu kuziona.

Sasa za kuogopa. Quad ESL ya mwaka 1957 na ESL-63 ya mwaka 1981 zinatoa sauti safi mno, lakini hazina koni. Zina utando mwembamba wa plastiki uliowekewa umeme wa volti nyingi. Katika ile ya kwanza, paneli za besi hufika volti 6,000 hivi. Vumbi, chumvi na unyevu hupitisha umeme huo mahali usipotakiwa, ndipo unasikia milio ya kupasukapasuka na paneli inakufa. Tena umeme hubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Anayeishi mita 200 kutoka baharini aziache, na asizifungue bila mtu mwenye ujuzi huo.

Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974 ni spika kubwa kwelikweli, ila kuba zake, yaani viwambo vya mviringo vinavyotoa sauti ya kati na ya juu, ni za metali ya berili. Kuba iliyobonyea au kupasuka haitengenezwi, na vumbi la metali hiyo ni sumu ya mapafu. Usiiguse kwa msasa, usijaribu kuinyoosha.

Bose 901 utaziona hotelini. Kila sanduku lina spika tisa ndogo, na toleo la tatu na yaliyofuata yana kingo za sponji. Maana yake ni kingo 18 za kubadilisha. Pia haziko kamili bila kile kisanduku chake cha kusawazisha sauti kinachounganishwa na amplifaya. Bila hicho, sauti itakuwa bapa na utadhani spika ndizo mbaya.

Kukagua: polepole, na mchana

Beba mita ya kupimia omu (ukinzani wa umeme), betri moja ya volti 1.5 yenye vipande viwili vya waya, tochi, bisibisi, futi ya fundi, amplifaya ndogo unayoiamini na simu yenye nyimbo unazozijua kwa moyo. Nenda mchana. Kutu, nyufa na mchwa hujificha usiku.

Anza kwa kuinusa. Sanduku lenye harufu ya ukungu limewahi kulowa. Papasa chini na nyuma: chipubodi iliyokunywa maji huvimba kwenye kona, na ukiibonyeza kwa kucha inakubali. Uvimbe mdogo unavumilika. Ikiwa ubao wa chini umekuwa kama uji, hesabu gharama ya kuunda sanduku jipya. Tafuta pia vijishimo vya wadudu na vile vijia vya udongo vya mchwa.

Toa kitambaa cha mbele. Angalia ukingo wa kila koni, ile pete laini inayoiunganisha koni na fremu. Sponji ikiguswa kidogo tu na kunata au kumomonyoka, imekwisha. Usisikitike sana, itumie kupunguza bei. Mpira ukiwa laini na bila nyufa, na kitambaa kikiwa hakijakauka kama kadibodi, umepata nafuu.

Sasa kipimo kikubwa kuliko vyote. Weka vidole vya mikono miwili kuzunguka kikofia cha katikati ya koni, kwa usawa, uisukume ndani taratibu kiasi cha milimita chache na kuiachia. Tega sikio. Koni yenye afya huenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, na sababu zinaweza kuwa tatu. Ikiwa sponji imeoza, koni imeshuka kwa uzito wake, hiyo inaponyeka. Ikiwa kutu imeota ndani ya ule upenyo mwembamba wa sumaku, ugonjwa wa nyumba za ufukweni, kuiponya ni kazi ngumu na mara nyingi haiwezekani. Ikiwa spika iliwahi kuanguka, sumaku yenyewe inaweza kuwa imehama kutoka kwenye gundi yake na kuibana koili. Koni isiyosogea kabisa, huku ukingo ukiwa mzima, karibu kila mara ni moja ya hizo mbili za mwisho. Hapo nunua tu kama una spika nyingine ya kuazima kipuri.

Kwa masanduku yaliyozibwa kama AR, kuna kipimo cha ziada: sukuma koni na uiachie. Ikirudi kwa kusitasita, kama inayosukumwa na hewa, sanduku halivuji. Ikirudi ghafla, kuna mahali panapopitisha hewa.

Pima omu ukiwa umechomoa amplifaya. Wufa ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.8. Mita isiposoma chochote, waya umekatika mahali. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungua na kushikana. Ukipima kwenye terminali za nyuma unasoma zaidi ile wufa, kwa sababu kapasita iliyo kwenye njia ya twita haipitishi umeme wa mita. Twita inataka kufunguliwa na kupimwa peke yake. Omba ruhusa kwa upole, na uifungue mbele ya mwenyewe.

Betri ina kazi yake. Gusisha chanya kwenye terminali nyekundu na hasi kwenye nyeusi, kwa sekunde moja tu, kwenye wufa na kamwe si kwenye twita. Koni itaruka mbele. Ikirudi nyuma, waya zimegeuzwa, isipokuwa kwa JBL za zamani, ambazo kiwandani ziliundwa kinyume. Mafundi wengi wamewahi “kuzisahihisha” JBL hizo na kuziharibia mpangilio wake.

Mwisho wa ukaguzi, sikiliza. Cheza kwa sauti ya chini, spika moja baada ya nyingine, wimbo uleule. Usichague muziki wa disko. Besi nzito inafunika makosa. Chagua mwimbaji wa taarabu aliyerekodiwa karibu, udi wake na fidla nyuma. Sauti ya mtu ndiyo mizani, maana sisi sote tunaijua tangu tumboni. Ikiwa upande mmoja mwimbaji anasikika amefunikwa shuka, twita au krosova yake (ubao wa ndani unaogawa sauti) ina shida.

Halafu linganisha jozi: namba za nyuma, aina za spika za ndani, umbo la vikofia, rangi ya skrubu. Skrubu zilizochubuliwa zinasema kwamba mtu amewahi kuingia. Wufa moja ya asili na nyingine ya dukani Mombasa si jozi tena, hata kama masanduku yanafanana.

Bei na safari

Hesabu kwa kurudi nyuma. Jua jozi iliyo timamu inauzwaje, toa vipuri, toa usafiri, toa hatari ya kitu usichokiona, kisha utaje bei yako. Mwonyeshe muuzaji kila kasoro kwa mkono wake aiguse, bila kumdharau wala kuikashifu mali yake.

Safari ndiyo inayoua spika ambazo bahari ilishindwa kuziua. Kabla ya kuzibeba, unganisha terminali chanya na hasi za kila spika kwa kipande cha waya. Koili iliyofungwa hivyo hujizuia yenyewe, na koni haichezi sana njiani. Kata kadibodi ngumu uifunge mbele bila kugusa koni. Spika zisimame wima au zilale kwa mgongo, kamwe zisilale kifudifudi. Kwa basi kutoka Nairobi, lipia nafasi, usikubali zitupwe kwenye buti chini ya magunia. Spika kubwa zenye sumaku nzito afadhali zitolewe kwenye sanduku zisafiri peke yake katika blanketi. Ndani ya mji, tuktuk inatosha ukikaa nazo nyuma wewe mwenyewe.

Kufungua na kukausha

Zikifika, usiziwashe. Zipe siku kadhaa ndani ya chumba kikavu chenye feni, mbali na jua. Kisha fungua moja tu, na uache ya pili kama kielelezo. Piga picha kila hatua. Andika rangi ya kila waya na terminali yake kwenye karatasi ya kubandika, maana kumbukumbu hukuacha ukishachomoa waya wa nne.

Ndani utakuta sufi ya kioo au pamba. Vaa glavu na barakoa, itoe, ipime uzito, uiweke kwenye mfuko wa upande wake. Mbunifu aliihesabu; ukirudisha nusu yake, besi itabadilika.

Kubadilisha ukingo wa sponji

Hii ndiyo kazi inayoogopwa, na inafaa kuifanya wewe mwenyewe, kwa sababu utakuwa na subira ambayo fundi mwenye foleni hana.

Kwanza vipimo. Usiagize ukingo kwa kusema “inchi kumi na mbili”. Pima kipenyo cha nje cha koni, kipenyo cha mkunjo wa sponji kwa ndani na kwa nje, na kipenyo cha fremu mahali sponji inapolala. Angalia pia kama mdomo wa ndani ni bapa au umeinama kufuata koni, na kama ulibandikwa juu ya koni au chini yake. Ukingo mgumu au mzito kuliko wa asili hubadilisha besi, kwa hiyo nunua uliotajwa kwa jina la modeli yako. Itakubidi kuuagiza kutoka nje. Nunua wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzima. Spika mbili zenye kingo za umri tofauti haziimbi pamoja.

Toa sponji ya zamani kwa kuikwangua taratibu. Kwenye fremu ya chuma unaweza kutumia wembe na spiriti ya duka la dawa. Kwenye koni ya karatasi tumia pamba yenye spiriti kidogo sana, ukingoja gundi ilainike, kisha uisugue kwa kidole kuelekea nje. Karatasi iliyolowa hupinda na hairudi.

Bandika mdomo wa ndani kwanza, kwenye koni. Tumia gundi nyeupe ya maji inayokauka ikabaki na unyumbufu. Gundi ya viatu inashika papo hapo na haikupi nafasi ya kusogeza. Gundi ya papo kwa papo inakuwa kioo na kupasuka. Bonyeza kwa vidole ukizunguka hadi ishike, uache ikauke.

Sasa mdomo wa nje, na hapa ndipo roho ya kazi. Koili lazima ikae katikati kabisa ya upenyo wa sumaku. Kuna njia mbili. Ya kwanza: unakata kikofia kwa wembe mkali na kuingiza vipande vyembamba vya filamu ya zamani ya eksirei kati ya koili na nguzo ya sumaku, pande nne, vikaishikilia koili wakati gundi inakauka. Ni ya uhakika, lakini unakibomoa kikofia. Ya pili, ninayoipendelea kwa koni nyingi: paka gundi kwenye fremu, laza ukingo, kisha uipe spika sauti nzito sana, ya hezi 20 hadi 30, kutoka programu ya simu, kupitia amplifaya, kwa kiasi kidogo tu ambacho koni inaonekana kupumua. Ikikwaruza utasikia. Sogeza ukingo upande mmoja kidogo, sikiliza, sogeza tena, hadi pumzi iwe safi. Zima, bonyeza ukingo pande zote kwa usawa, washa tena usikilize. Endelea kurudia hadi gundi ishike.

Acha siku nzima. Msimu wa masika, kuanzia Aprili, acha siku mbili, kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Ukiweza kuchagua, fanya kazi zote za gundi na vanishi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu.

Krosova: kapasita ndizo zinazozeeka

Krosova ni ule ubao wenye koili na kapasita unaogawa sauti: nzito kwa wufa, nyembamba kwa twita. Koili za waya haziharibiki isipokuwa zimeota kutu au zimelegea. Rezista pima tu. Kapasita za elektroliti ndizo hukauka ndani kwa miaka, na joto la huku huziharakisha.

Ukiwa na mita ya kupima kapasita, nyofoa mguu mmoja na upime. Iliyotoka kwenye thamani yake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, badilisha. Na ukibadilisha upande mmoja, badilisha na wa pili. Mpya ziwe zile zisizo na chanya wala hasi. Kapasita za kawaida za amplifaya, zenye mstari wa hasi ubavuni, hazifai kabisa hapa. Thamani ifanane na ya asili, na volti zisiwe chini ya zilizoandikwa. Ukikosa thamani kamili, unganisha mbili ubavu kwa ubavu, zinajumlishika: 4.7 na 3.3 µF (mikrofaradi, kipimo cha kapasita) zinakupa 8.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawapendi kulisema. Kapasita za filamu, ambazo ni bora na hudumu zaidi, zina ukinzani mdogo kuliko elektroliti ya asili. Ukiziweka kwenye njia ya twita, sauti ya juu inaweza kuwa kali kuliko alivyokusudia mbunifu. Katika spika nyingine utaongeza rezista ndogo, sehemu ya omu moja hivi, kuirudisha. Kwa thamani kubwa, mfano zile za 50 na 150 µF za AR-3a, elektroliti mpya isiyo na chanya wala hasi inatosha na inaingia mahali pake. Lengo ni kuisikia spika kama ilivyotoka kiwandani. Anayetaka sauti nyingine anunue spika nyingine.

Lehemu kwa pasi ya kulehemu yenye joto la kutosha, haraka, bila kuuchoma ubao. Kapasita ulizotoa zitie kwenye mfuko, uandike thamani, uziache ndani ya sanduku. Mwenye spika hizi baada yako atakuombea dua.

Vitasa, terminali na twita

Vitasa vya AR na vya spika nyingine za enzi hizo ni vya waya uliozungushwa. Vifungue, usugue kwa msasa laini sana au kifutio cha kalamu, upake dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ukavizungushe mara nyingi. Mara nyingi twita iliyodhaniwa kufa hufufuka hapohapo. Terminali zenye kutu ya kijani zisafishwe hadi metali ing’ae. Zilizoliwa sana badilisha.

Kwa twita, mkono mwepesi. Nyingi za miaka ya 1980 zina kimiminika cha sumaku kwenye upenyo, ambacho hukauka kuwa lami na kuifanya sauti iwe hafifu. Unaweza kukifuta kwa karatasi laini na kuweka kipya kwa kipimo kilekile, iwapo twita yako inafunguka kwa skrubu. Kuba laini iliyobonyezwa na mtoto huvutwa kwa utepe wa kunata, polepole. Kuba ya metali acha ilivyo.

Sanduku

Hapa una bahati ya kuishi Malindi, maana seremala wa pwani anaijua mbao. Vinia iliyoinuka rudisha kwa gundi nyeupe na pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa. Usiipige msasa wa mashine. Vinia ya zamani ni nyembamba na utatokea upande wa pili. Kona ya chipubodi iliyovimba ikaushe, inyweshe gundi ya mbao iliyozimuliwa, uibane kwa klampu kati ya vipande viwili vya mbao hadi ikauke. Mtiki na wolnati zisizo na vanishi zinataka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, zikifutwa vizuri. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke kabla ya kuyatupa, kwani yakirundikwa huweza kushika moto yenyewe.

Ukizirudisha spika ndani, weka pete mpya ya mpira laini chini ya fremu ili hewa isivuje, na ukaze skrubu kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo.

Kuziweka nyumbani

Nyumba zetu za mawe na sakafu ya saruji zinarudisha sauti. Zulia au mkeka mkubwa mbele ya spika, pazia nzito upande mmoja na kabati la vitabu upande wa pili vitakufaa kuliko kifaa chochote cha kununua. Zisogeze mbali na ukuta kiasi cha nusu mita, kisha usikilize na kurekebisha. Chini ya makuti, pasipo kuta kamili, besi hutoroka. LS3/5A itasikika nyembamba hapo, lakini AR au Tannoy itastahimili. Jua la dirishani lisiguse sponji wala vinia.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwa swichi yake kabla haujarudi, kwani ule mshtuko wa kurudi unaweza kuunguza twita. Usiku funika kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, ili unyevu upate pa kutokea. Kwenye tundu la hewa la sanduku, kama lipo, weka wavu mwembamba wa kuzuia mijusi na sungusungu usioziba hewa. Kila masika ikiisha, toa kitambaa cha mbele, gusa kingo, zungusha vitasa, futa terminali, na urudie kile kipimo cha vidole: ndani taratibu, achia, tega sikio.